Salamu Maria Kumi na Moja

Wiki mbili baada ya kumzika baba, nilialikwa kuzungumza na waandishi chipukizi katika hoteli moja ya Mwanza, mojawapo ya zile zilizojengwa ukingoni kabisa mwa ziwa. Wenye hoteli, wakiwa na ziwa zima mbele yao, waliona bado halitoshi. Wakachimba shimo, wakalitandika vigae vya buluu, wakajaza maji na dawa. Nilipewa meza kando ya shimo hilo. Nimeshika kipande cha sato, niko tayari kuanza kula, upepo ukageuka ukaniletea harufu ya ile dawa. Nikamrudisha samaki kwenye sahani. Kijana aliyekuwa akituhudumia akaniuliza kwa adabu kama chakula kina tatizo. Nikamwambia mwenye tatizo ni mimi, akacheka, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kucheka na wateja.

Watu wa rika langu kila mmoja ana harufu yake. Rafiki yangu mmoja akinusa mafuta ya taa anamwona bibi yake mzima mzima, mpaka kilemba. Yangu mimi ni klorini. Nikiinusa tu nina miaka kumi, soksi yangu ya kushoto imeteremka, na baba yangu anachovya kidole kwenye maji machafu mbele ya umati wa watu.

Baba alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari upande wa Mkuyuni. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kupanga vifaa kabla ya somo, kuvipangua baada ya somo, na katikati yake kukaa kimya kwenye kigoda nyuma ya darasa. Alikaa kwenye kigoda kile miaka mingi kiasi kwamba alisikia somo la kemia la kidato cha kwanza hadi cha nne mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote nchini, na kwa hesabu yangu mara nyingi kuliko mwalimu mwenyewe, maana mwalimu alikuwa na desturi ya kutokuja.

Mimi nilikuwa sijui hayo. Nilichokijua ni kwamba alitoka nyumbani kwetu Mkolani asubuhi akiwa na koti jeupe lililokunjwa vizuri kwenye mfuko, na akarudi jioni na koti lenye vitundu vya asidi ambavyo mama alivishona kwa uzi mweupe na manung'uniko. Majirani walimwita Mwalimu. Yeye hakuwakatalia wala hakuwakubalia. Nami shuleni nilitangaza kwamba baba yangu anafundisha kemia, na kwamba anaweza kulipua mtu. Hii ya pili ilinisaidia sana mapumzikoni.

Alianza kujenga kile chombo mwaka ambao kifaa cha shule cha kupasulia maji kilivunjika. Kilikuwa cha kioo, chenye mirija miwili iliyosimama, na hakuna aliyetarajia kupata kingine. Mwalimu wa kemia, ambaye wanafunzi walimpa jina la Valensi, akasema basi sehemu hiyo itasomwa kwa kuchora ubaoni. Baba alikuja nyumbani na neno hilo likiwa limemkaa kooni. Wakati wa chakula alimweleza mama kwamba maji yana gesi mbili ndani yake, zimeshikana, na ukipitisha umeme zinaachana. Kwamba mtoto akiliona jambo hilo kwa macho hatalisahau. Na kwamba kuchora maji yakipasuka ni sawa na kumchorea mtu ndizi akiwa na njaa. Mama akasema, "Baba Koku, hizo ndizi ulizonazo kwenye sahani si za kuchora. Kula."

Kwanza alijaribu misumari. Ilitoa mapovu siku moja, siku ya pili maji yakawa mekundu kama ya dimbwi la barabarani na msumari mmoja ukaisha kama pipi. Akavunja betri za redio zilizokufa akatoa vile vijiti vyeusi vya katikati. Vikafanya kazi vizuri, kisha vikaanza kumomonyoka. Ndipo siku moja ya Jumamosi akanichukua tukaenda kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa akinunua masalia ya viwanda vya samaki. Pale, chini ya rundo, palikuwa na trei za kuwekea minofu ya sangara, zimepinda, hazina kutu hata chembe.

"Mwarimu, chukua hizo," akasema yule mzee. "Chuma cha hivyo hata ukikitupa ziwani mwaka mzima, kinatoka kinacheka."

Baba alikata trei zile kwa mkasi wa bati, akapata sahani saba za ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Hata baada ya kuzisugua kwa msasa na sabuni ya kipande, zilinuka samaki. Mpaka leo nikisikia watu wanaijadili sayansi kwa sauti za kanisani, mimi nasikia shombo.

Nilikuwa msaidizi wake mkuu, cheo nilichojipa. Kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, baba aliniita Mama. "Mama, shika hapa. Mama, usipumue." Tulikaa nyuma ya nyumba, chini ya yale majabali makubwa ambayo watu wa Mwanza tumeyazoea kiasi kwamba tunaanikia nguo juu yake. Chombo kilikuwa ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, mrija mmoja ukitoka juu, na betri ya gari iliyokuwa ya kuwashia televisheni yetu ndogo. Tatizo lililobaki likawa la kupata gesi nyingi kwa umeme kidogo, maana betri ile ilikuwa na ya kwake ya kufanya, na mama alitaka kuangalia taarifa ya habari.

Ili kujua kama leo ni bora kuliko jana unahitaji saa, na saa ya baba ilikuwa imekufa mkononi, akiivaa kwa heshima tu. Basi tukapima kwa sala. Tulijaza maji kwenye chupa ya plastiki, tukaisimamisha kichwa chini ndani ya beseni, tukaingiza mrija, na gesi ikaanza kuyasukuma maji nje. Mimi nikaanza Salamu Maria, kwa mwendo ule ule wa rozari ya jumuiya, bila kukimbia wala kuburuta. Idadi ya Salamu Maria mpaka chupa iishe maji ndiyo ilikuwa kipimo chetu. Mama alipogundua alikuja na mwiko mkononi akatuuliza kama tunamfanya Bikira Maria kuwa saa ya ukutani. Baba akajibu kwa upole kwamba tunasali kweli, ila tumefumbua macho.

Siku ya kwanza ya zile sahani ilikuwa Salamu Maria arobaini na mbili. Baba aliandika kwenye daftari.

Kisha akaanza kupunguza. Alizisogeza sahani karibu karibu, akitenganisha kila mbili kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mpaka nafasi ikabaki nyembamba kama ya kupitisha ukucha: thelathini. Akazikwaruza upya kwa msasa, mistari ikikatana, ili mapovu yasing'ang'anie chuma: ishirini na sita. Akaunga waya kwenye sahani mbili za mwisho tu, zile tano za katikati akaziacha bila waya wowote, zimekaa kama wageni harusini. Nikamwambia zile hazifanyi kazi. "Tazama," akasema. Zikatoa mapovu zote. Akanieleza kwamba betri ina nguvu kubwa mno kwa jozi moja ya sahani, ziada inaishia kuchemsha maji bure. Ukiigawa nguvu hiyo kwa jozi sita, kila moja inapata kiasi chake. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba sasa ilikuwa kumi na tisa, na ndoo haikuwa moto tena.

Iliyobaki ilikuwa magadi. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri, lazima uyatie kitu. Vitabu vilitaja dawa ambazo kabati la shule halikuwa nazo. Jikoni tulikuwa na chumvi, nami nikaleta kikombe kizima. Ndiyo siku pekee aliyonikaripia. Alinishika mkono, akanikalisha, akanieleza kwamba chumvi ikipitishwa umeme inatoa klorini, gesi inayokaba koo, na inakila chuma, hata kile kisichoshika kutu. "Mama, kitu kingine chochote ukikosea tutaanza upya. Chumvi, hapana."

Kwa hiyo alitumia magadi ya kupikia maharage, yale ya sokoni Mkuyuni, yenye vumbi na rangi ya majivu. Na hata hayo hakuyaamini. Mara ya kwanza tulipoyajaribu alinusa mdomo wa mrija, akakunja uso. Ndani ya magadi ya sokoni, akasema, mna chumvi imejificha. Akaanza kuyasafisha: anayeyusha, anachuja kwa shati kuukuu, anachemsha mpaka yapungue, anaacha yapoe, anaokota fuwele zinazojitenga chini na kumwaga maji yenye chumvi. Anarudia. Anaonja kwa ncha ya ulimi. Anarudia tena. Mwisho akaanika juu ya jabali unga mweupe kabisa, akaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akabandika plasta iliyoandikwa kwa kalamu: SAFI.

Kwa magadi yale, chupa iliisha kwa Salamu Maria kumi na moja. Tulirudia mara tatu kwa kuwa baba hakuniamini, akidhani naharakisha sala. Mara ya nne alisali mwenyewe. Kumi na moja. Alikaa chini kwenye vumbi na koti lake jeupe, akaangalia chupa tupu kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa salama. Halafu tukapitisha gesi kwenye bakuli la maji ya sabuni, tukawasha povu kwa kiberiti kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Mlio wake uliwatoa kuku wa mtaa mzima. Mama mmoja wa jirani akachungulia juu ya ua akauliza, "Mwalimu, mnaua nini huko?" Baba akamjibu kwamba hatuui, tunaunguza maji. Yule mama akasema Mungu awasaidie, akarudi kwenye mboga zake.

Mkuu wa shule akasikia. Palikuwa na maonyesho ya shule yanakuja, wazazi na wanafunzi wa shule jirani wamealikwa, na mgeni rasmi kutoka mkoani. Chombo kikapangiwa meza ya mbele kabisa. Siku moja kabla, nilipitia shuleni kwa baba baada ya masomo yangu ili turudi wote nyumbani. Nilimkuta Valensi kwenye maabara anafanya mazoezi ya maelezo yake mbele ya wanafunzi wawili. Ndoo yetu ilikuwa mezani.

"Chombo hiki," alikuwa akisema, "nimekibuni mimi, kwa kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira yetu."

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza. Nilisubiri alipue mtu. Valensi akamgeukia akamwambia kesho asimame nyuma, karibu na ndoo ya maji ya akiba, na kwamba mgeni rasmi asije akachanganyikiwa nani ni nani. Baba akasema, "Sawa, Mwalimu."

Ni hapo nilipojua kwamba mwalimu hakuwa yeye. Mtoto mwingine angelia. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesomeshwa kemia kidogo.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, nausifu hata sasa kwa jinsi ulivyokamilika kila mahali isipokuwa kichwani. Chombo kitamshinda Valensi mbele ya watu. Atahangaika. Watu watauliza nani anaweza kukirekebisha. Baba atatoka nyuma, atakirekebisha, na mgeni rasmi atamshika mkono. Asubuhi ya maonyesho, baba akiwa anaoga, nilichukua kopo lenye plasta, nikaibandua plasta taratibu, nikaibandika kwenye kopo lingine kama lile, nikalijaza chumvi ya jikoni. Kopo la magadi nikaenda kulificha kwenye upenyo kati ya majabali mawili, kule nyuma tulikokuwa tunakaa. Baba alipotoka alilichukua kopo lenye neno SAFI, akalipangusa kwa kiganja, akaliweka kwenye mfuko.

Yaliyofuata niliyaona nikiwa mstari wa tatu. Valensi alikuwa na tai. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alipiga hata utani kwamba siku moja akina mama watapika kwa maji ya ziwa. Akamwaga kopo lote ndani ya ndoo, akakoroga, akaunga waya. Mapovu yakaja mengi kuliko siku yoyote. Watu wakapiga makofi. Nami nikaanza kuhesabu moyoni kwa mazoea, Salamu Maria ya kwanza, ya pili, nikifikiri labda nimekosea, labda chumvi haina neno. Kwenye ya tano maji yakawa ya kijani. Kwenye ya saba yakawa ya kahawia, na povu chafu likainuka kama la supu iliyosahaulika jikoni. Kisha ikaja harufu.

Mstari wa kwanza ulianza kukohoa, wa pili ukasimama. Mgeni rasmi akaziba pua kwa leso na kurudi nyuma hatua mbili akakanyaga mguu wa mkuu wa shule. Nilingoja waulize nani anaweza kukirekebisha. Hakuna aliyeuliza hivyo. Valensi aligeuka nyuma, na kwa sauti iliyofika mpaka nje akauliza, "Wewe mhudumu, umeniwekea nini humu?"

Baba alikuja mbele. Kwanza alichomoa waya, kama mtu anayejua cha kufanya kwanza. Halafu alichovya kidole kwenye yale maji, akakigusisha kwenye ulimi. Nilimwona akielewa. Hakumtazama Valensi. Aliinua kichwa akatafuta kati ya nyuso za watu, polepole, mstari kwa mstari, mpaka akanipata. Sijui uso wangu ulikuwa unasema nini. Nadhani ulisema yote. Akanitazama kwa muda ambao, kwa kipimo chetu, ulikuwa Salamu Maria moja kamili.

Kisha akamgeukia mkuu wa shule akasema, "Ni magadi ya sokoni, Mzee. Yana chumvi. Sikuyasafisha vizuri."

Mgeni rasmi akapelekwa kwenye meza ya mapishi, ambako alikula chapati mbili na kuzisifu.

Baba hakufukuzwa kazi. Tuliambiwa tushukuru. Alihamishiwa bustanini na kwenye kengele, na maabara akapewa kijana mwingine. Ilisemekana, na hii ilikuwa kweli tupu, kwamba dawa za shule zina utaratibu wake na kwamba mtu hawezi kwenda kununua vitu vya kupikia maharage na kuleta mbele ya wageni. Yaani kile alichokifanya vizuri kuliko vyote ndicho kilichomhukumu.

Jioni ya siku ile nilimsikia mama jikoni, akizungumza kwa Kihaya na dada yake aliyekuja kutupa pole. Ndipo nikajua habari ya barua. Mkuu wa shule alikuwa amekubali kumwombea baba nafasi ya kwenda chuoni, akasomee ufundi sanifu wa maabara, arudi na cheti. Sharti lilikuwa maonyesho yaende vizuri na baba asilete ubishi kuhusu nani aeleze. Baba alikuwa amefanya hesabu yake, akaona jina ni kitu kidogo. "Barua ilikuwa imeshachapwa," mama alisema. "Ilibaki saini."

Ile "Sawa, Mwalimu" niliyoisikia kama sauti ya mtu aliyeshindwa ilikuwa ya mtu anayekaribia kushinda. Nimeandika vitabu vitatu baada ya hapo kuhusu namna ya kusoma maneno ya watu na yaliyofichwa chini yake. Wahakiki wamevisifu. Mimi huwa nawashukuru na kubadilisha mazungumzo.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye yale majabali nikalichukue kopo, nilitupe ziwani. Upenyo ulikuwa mtupu. Nilitia mkono mpaka bega nikapata majani makavu na mjusi. Nikajiambia ni watoto wa jirani. Usiniulize watoto wa jirani wangetaka nini na magadi.

Mchana ule ule tulikaa kula. Baba alitoka chumbani na kopo lisilo na plasta, akaliweka mbele ya mama.

"Mama Koku, pikia haya maharage ya kesho. Ni safi."

Mama akafungua, akachota kidogo, akashangaa weupe wake. "Si ulisema hukuyasafisha?"

Baba alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Haya niliyasafisha," akasema. "Hayakufika tu."

Kesho yake maharage yaliiva upesi kuliko kawaida, laini, yamefunguka, mama akayasifia mpaka tukamaliza. Baba alinipakulia yeye mwenyewe. Nilikula. Na kwa kuwa magadi hutiwa kidogo tu, ncha ya kijiko, kopo lile lilidumu miezi na miezi. Kila maharage yalipopikwa nililiona mama analitoa kabatini, analifungua, analifunga. Niliomba liishe. Nilifikiria kulimwaga, nikakumbuka nilivyo na mkono mzuri kwa mambo hayo, nikaacha. Baba hakunipiga, hakuniuliza, hakunisema kwa mtu. Aliendelea kuniita Mama. Zile sahani saba mama alizichukua za kuwekea samaki jikoni, zikarudi zilikotoka.

Nilifika chuo kikuu nikasoma fasihi, fani ambayo mtu akikosea haitoi harufu. Baba alikuja kwenye mahafali yangu na suti ya kuazima, kucha zake zikiwa na udongo wa bustani ya watu. Mara mbili maishani nilijaribu kuizungumzia siku ile. Mara ya kwanza aliniambia kabichi zimeshambuliwa na wadudu. Mara ya pili alikuwa amekwisha kuzeeka. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye kopo, akaniomba nimsogezee blanketi. Nikamsogezea. Nilitaka anisamehe ili nipumzike, na nadhani alilijua hilo, na hakuona sababu ya mimi kupumzika.

Kwenye msiba, pale pale Mkolani, niliambiwa niandike wasifu wa marehemu kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. Niliandika kwamba alikuwa mtumishi mwaminifu wa shule, kwanza maabara, baadaye bustani, akastaafu kwa heshima. Nilisoma kwa sauti nzuri. Watu walilia pale nilipokusudia walie. Tuliposali rozari jioni nilijikuta nahesabu: makumi matano, chupa nne na nusu.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, mzee mmoja alikuja na mkongojo akaketi karibu yangu. Alikuwa Valensi; nilimtambua kwa namna alivyokohoa kabla ya kuongea, kama anayetaka darasa litulie. Nikamwamkia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana." Alinishika mkono, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Baba yako alikuwa na kichwa. Nimefundisha miaka yote ile, sikuona mtu wa mikono kama yake. Kilichomponza ni yale magadi ya sokoni tu. Aliyaamini mno."

Nilikuwa na umri wa kutosha. Nilikuwa na maneno ya kutosha, nayauza. Mama yangu alikuwa hatua tatu kutoka pale, majirani wote wa zamani walikuwapo, na baba mwenyewe, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuusikia ukweli kutoka mdomoni mwangu, alikuwa chini ya udongo ambao bado haujakauka. Ilihitajika sentensi moja.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Magadi ya sokoni."

Nikamsogezea bakuli la maharage. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema yameiva vizuri.